Krismasi ya Kilema kwa watoto waliozaliwa mjini

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Kilema, Kilimanjaro, naishi Kimara, Dar es Salaam. Mke wangu ni Mbondei wa Muheza. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 15, mvulana wa 11 na wa mwisho ana 6. Kila mwaka tunapanda mlimani tarehe 23 Desemba na kurudi tarehe 27. Baba alishafariki. Mama ana miaka 79, anaishi na mdogo wangu wa mwisho na familia yake; mwaka jana alishindwa kutengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikabidi tununue. Watoto wangu wanakula, wanapiga picha, wanarudi kwenye simu. Kichagga hawajui. Mwaka huu binti ameniuliza kwa nini tusiende Zanzibar. Naona mambo haya yatafia mikononi mwangu. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, nusu ya jibu imo kwenye tarehe ulizozitaja. Anayefika Kilema tarehe 23 anakuta Krismasi imeshapikwa. Mikungu ilikatwa siku kumi nyuma, ikavundikwa, ikachemshwa. Ulezi umeota, umekauka, umesagwa. Mbuzi keshanunuliwa na kafungwa nyuma ya nyumba. Kilichobaki ni kula, na ndicho wanao wanachofanya. Simu inajaza saa zilizobaki kwa sababu pale uwanjani hakuna kazi hata moja yenye majina yao. Ukiwanyang'anya simu watakaa bila simu, na bado hawatajua ulezi unaoteshwaje. Na mama aliposhindwa kutengeneza mbege mwaka jana alikuwa anakuambia jambo: kazi ile yote ilikuwa juu ya mikono miwili, na mikono hiyo ina miaka 79.

Kwa hiyo anza na kalenda. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba. Wewe na mkeo hamna likizo ndefu, lakini wale wakubwa wawili wanayo. Wapandishe tarehe 10 au 11, wiki mbili kabla yenu, wakabidhiwe kwa bibi yao na baba yao mdogo. Barabara ya Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Tiketi za basi zikatwe Novemba, kabla msongamano haujaanza. Treni ya Dar–Moshi iliyorejea Desemba 2019 ni ya polepole kuliko basi, ila kwa watoto ni safari yenyewe. Ulizia siku zake mapema na mtu mzima awasindikize. Wa miaka 6 asubiri apande na nyinyi.

Kabla hawajaondoka wape sababu ya safari, kwa ufupi, maana watoto wengi wa mjini hudhani Wachagga hupanda mlimani Desemba kwa sababu ya uchagga tu. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Krismasi ikapata mizizi. Kisha ikaja kahawa. Mavuno Kilimanjaro huanza karibu Julai na kuishia Desemba, na tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933, hela ya kahawa ilikuwa hela ya kumalizia mwaka: karo, nguo, mabati. Walioajiriwa mbali walipata likizo wakati huohuo. Misa, fedha na likizo vikakutana kwenye mwezi mmoja, na ardhi ya kurudia ikawa ileile, kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo. Binti wa miaka 15 anaweza kulielewa hilo, na akilielewa hataona tena kama anaburutwa.

Sasa chagua. Hutaokoa kila kitu kwa mwaka mmoja, na anayejaribu hurudi Dar amegombana na watu. Chagua mbege, mbuzi na mgao wake, na kaburi la baba. Mengine, kama mtori na kiburu, vyakula vya ndizi, yanaweza kupikwa Kimara hata Machi.

Nianze na mbege, kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo itakayopotea kwanza. Mbege ya kunywewa tarehe 25 huanza tarehe 12. Kwa madebe mawili, kipimo cha kuanzia ni mikungu miwili ya wastani na kilo nne za ulezi. Bibi atasahihisha, na masahihisho yake ndiyo mnayoyataka. Mkungu ukatwe umekomaa, vidole vimejaa mpaka kona zake zimeanza kupotea. Aina ya ndizi muulizeni bibi, kila nyumba ina yake. Ndizi huvundikwa kwenye shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba na kufunikwa, au hupandishwa darini juu ya moto. Kwa baridi ya mlimani huchukua siku sita au saba. Ziko tayari ganda likiwa la njano lenye madoa meusi na kidole kikibonyea ukikigusa. Kosa la kwanza la wanaojifunza ni haraka: ndizi iliyoiva nusu bado ina wanga mwingi na sukari kidogo, kwa hiyo chachu inakosa chakula na mbege inatoka nyepesi, chungu bila utamu nyuma yake.

Tarehe 19 ndizi humenywa na kuchemshwa. Maji yazifunike, moto uwe wa wastani, kwa muda wa saa nne hadi sita, na mwiko mrefu ufike chini kila baada ya dakika chache. Rangi itaanza njano, itakwenda kahawia, itaishia kwenye wekundu wa tofali. Sufuria ikishika chini, usikwangue: hamisha kilicho juu kwenye chombo kingine, kwani harufu ya kuungua haitoki tena, itanywewa mpaka kata ya mwisho. Kikishapoa kinamiminwa kwenye pipa la mti au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Kamwe si pipa lililowahi kubeba dawa ya kahawa au mafuta, hata likioshwa mara kumi. Sufuria ya alumini pia isitumike kuchachushia, kwa sababu uchachu hula alumini na kuacha ladha ya chuma. Chombo kifunikwe kwa kitambaa au jani, kisikazwe; hewa inayozalishwa lazima itoke. Kwa siku tatu hivi kitatoa povu na kuchemka chenyewe bila moto. Hiyo ndiyo nyalu.

Ulezi unakwenda sambamba. Tarehe 13 jioni uoshwe, mchanga utoke, ulowekwe usiku kucha. Tarehe 14 asubuhi umwagwe maji, utandazwe juu ya majani ya mgomba au gunia safi, unene wa vidole viwili, ufunikwe, na unyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Kufikia tarehe 16 au 17 vimizizi vyeupe vitakuwa vimetoka, karibu sentimita moja. Hapo unasimamishwa: unaanikwa mpaka ukauke kabisa, halafu unasagwa, si laini sana. Ukiachwa uote mpaka majani ya kijani yatokee, mche unakuwa umekula sukari mliyokuwa mnaitaka na ulezi unageuka mchungu. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, au ukinusa uvundo, mwage wote. Kuanika tena hakusaidii. Sumu ya ukungu haiondoki kwa jua wala kwa kuchemsha. Desemba mvua huja bila taarifa, kwa hiyo anikeni kwenye turubai mnaloweza kukunja kwa mara moja, na usiku ulezi ulale ndani karibu na moto.

Kisha msesewe, gamba la mti linalotia uchungu. Gamba libanduliwe upande mmoja tu wa shina, kipande cha upana wa kiganja. Anayebandua kuzunguka shina lote anaua mti, na misesewe mingi vihambani imekufa hivyo. Gamba linakaushwa, linapondwa, linachemshwa, na maji yake yaliyochujwa yanatumika kupikia uji wa ulezi, yaani mso. Anzeni na kidogo, kiasi cha kujaa kiganja. Uchungu unaongezwa, haupunguzwi. Na hapa neno la tahadhari: msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia, mimea ileile iliyotoa dawa ya presha iitwayo reserpine. Mama yako kama anameza dawa za presha, amuulize daktari wake kabla ya kunywa, na vikombe vyake vihesabiwe.

Tarehe 24 mchana nyalu inachanganywa na maji na kuchujwa, makapi yanaachwa kwa ng'ombe au nguruwe. Uji wa ulezi unapikwa na kuachwa upoe kabisa. Ukimiminwa wa moto unaua chachu na kazi ya wiki mbili inaishia hapo. Jioni, kabla ya misa ya mkesha, vinachanganywa na kufunikwa. Asubuhi ya tarehe 25 ni mbege. Tarehe 26 inakuwa kali, na tarehe 27 wazee pekee ndio wataisifia. Ndiyo maana haiwezekani kuitengeneza mapema “ili kujiandaa”, na ndiyo maana lazima mtu awepo kuanzia tarehe 12.

Binti mpe ulezi. Sikiliza sababu: ulezi hudai mtu asubuhi na jioni, haudai nguvu, na hubadilika kila siku, kwa hiyo simu unayoilalamikia ina kazi. Apige picha ya ulezi kila asubuhi, pembeni ameweka sarafu, na mwisho wa wiki atakuwa na picha sita zinazoonyesha siku gani ulitoa vimizizi na siku gani ulisimamishwa. Mvulana mpe ndizi: kuvundika, kukagua, kumenya, kukoroga. Mbege yenyewe wasinywe. Uji mtamu wa ulezi uliooteshwa, kabla haujachachuka, ndio wao, na mtoto aliyeupika hatasikia amepunjwa.

Kuna kazi moja ambayo ningependa uifanye wewe mwenyewe, au umwagize binti. Bibi hapimi kwa kilo. Anapima kwa kibuyu chake, kwa ungo wake, kwa kiganja, na akiulizwa atasema “kiasi”. Chukueni mzani mdogo wa jikoni na jagi la lita. Jazeni kile kibuyu maji, mimineni kwenye jagi, andikeni: kibuyu cha bibi, lita kadhaa na robo. Akichota ulezi kwa kiganja, aumwage kwenye mzani kabla haujaingia sufuriani, mara tatu, mpate wastani wa kiganja chake. Msimsimamishe wala kumrudisha nyuma kwa ajili ya kamera. Rekodini sauti tu, simu ikiwa kwenye kigoda, kwa maana mtu mzima anayetengenezewa video hufupisha mambo na kuanza kueleza kama mwalimu. Siku kibuyu kile kitakapovunjika, mtakuwa mnajua kilikuwa na ujazo gani.

Tuje kwa mbuzi. Dume la kilo 25 lililo hai hutoa nyama na mifupa kilo 11 hadi 12, ukiacha kichwa, miguu na matumbo. Ukiweka na ndizi za kutosha, hiyo ni karibu watu 25. Nyumba yako ikijaa watu 40, ni mbuzi wawili. Bei hupanda kila siku inavyokaribia sikukuu, kwa hiyo tuma hela mwisho wa Novemba na mdogo wako amfuge kwa wiki tatu. Tuma na hela ya majani na ya muda wake. Mbuzi anayekula kwa jasho la mtu mwingine ndiye anayeanzisha ugomvi wa tarehe 26.

Siku ya kuchinja, mnyama awe mzima, anasimama, anacheua. Aliyekufa ghafla au anayetoka damu puani asiguswe kabisa na aitwe mtaalamu wa mifugo; kimeta kimewahi kujitokeza mikoa ya kaskazini na hakina huruma. Wanaume wachinje kama ilivyo desturi, na mvulana wako wa miaka 11 asiwe mtazamaji. Kazi inayomfaa ni damu. Anashika bakuli pana lenye chumvi kidogo, damu ikiingia anakoroga bila kusimama kwa kijiti chenye matawi kama uma, dakika tano au sita. Atasikia kijiti kinaanza kuwa kizito: nyuzi za damu zinajizungushia pale, nyekundu na za mpira. Azitoe. Akiacha kukoroga kwa dakika moja tu, damu inaganda kama ini na kisusio, supu ya damu, hakuna.

Anayechuna mwambie mkono unaoshika ngozi usiguse nyama, manyoya huhama kwa njia hiyo. Anayepasua tumbo aingize vidole viwili nyuma ya ncha ya kisu ili kisichome utumbo. Kibofu na nyongo vitolewe kwa kubana shingo zake kabla ya kukata. Nyongo ikipasukia ini, kipande kilichoguswa kikatwe mara moja, maana kuosha kunausambaza uchungu.

Kisusio: kichwa, miguu iliyochomwa manyoya na kukwanguliwa, na matumbo yaliyooshwa mpaka maji yawe meupe, vyote vichemshwe kwa saa mbili au zaidi. Utumbo na mafuta kidogo vikatwe vidogo sana. Supu ikiwa inachemka kwa upole, damu imiminwe kupitia chujio, nyembamba kama uzi, huku mwingine anakoroga. Ikimiminwa kwa pupa inafanya mabonge. Iendelee kuchemka robo saa nzima mpaka isibaki alama ya wekundu. Wapo wazee wanaopenda damu mbichi. Wape watoto sheria moja isiyojadiliwa, kwamba haifiki kinywani kabla haijachemka, kwa sababu ya brusela na magonjwa mengine ya mifugo yanayompata mtu.

Halafu mgao, na hapa naomba usiharakishe. Nyama ya mbuzi wa Kichagga haigawiwi kwa kilo. Kila kiungo kina mwenyewe: kidari, mgongo, mguu, shingo, kichwa, kila kimoja kina mzee, shangazi, mjomba au mkwe anayekisubiri. Mgao wa Kilema haufanani kila kitu na wa Machame au Rombo, na ukoo na ukoo hutofautiana, kwa hiyo orodha uliyoiona kwa rafiki au mtandaoni itakuletea aibu. Nunua karatasi ya manila. Mchore mbuzi, hata vibaya. Mkalishe mama na baba yako mdogo mkubwa kuliko wote aliye hai, uwaulize kiungo kimoja kimoja: hiki cha nani, na akiwa amefariki kinakwenda kwa nani? Andika cheo cha ukoo kwanza, kisha jina la anayekishika leo. Swali hilo la pili ndilo huwa halijaandikwa popote, na ndilo linalovunja undugu mzee mmoja akiondoka. Wakibishana, andika pande zote mbili. Usiamue wewe.

Kisha watoto wapeleke. Jani la mgomba libabuliwe juu ya moto mpaka lingʼae na kulegea, vinginevyo litapasuka kwenye mikunjo. Nyama ifungwe, ifungwe tena kwa kamba ya mgomba, na mvulana na yule wa miaka 6 waende nayo kwa shangazi yako, kwa miguu, bila wewe. Wafundishe maneno mawili ya kufikishia. Mtoto aliyebeba kidari cha moto kifuani mpaka mlangoni kwa mtu hamsahau mtu huyo, na hutahitaji tena kumwambia “huyu ni shangazi yako, msalimie”.

Kuhusu binti: desturi iliwaweka wasichana mbali na machinjio. Uamuzi ni wa nyumba yako, ila fikiria kwamba kama ujuzi wa mgao utaachwa kwa mvulana mmoja wa miaka 11, umeuweka kwenye kamba moja nyembamba. Angalau ile karatasi ya manila aiandike yeye.

Mtori nitaupitia haraka. Kwa watu kumi: kilo moja ya nyama yenye mifupa, ichemshwe kwa chumvi na kitunguu saa moja na nusu mpaka iachane na mfupa. Ndizi mshare mbichi 20, zimenywe ndani ya maji zisigeuke nyeusi, zikatwe, zichemshwe kwenye ile supu mpaka zivunjike kwa mwiko, zisagwe, nyama iliyochambuliwa irudi, na maziwa au siagi mwishoni, moto ukiwa mdogo. Nyanya na limau zisitangulie: uchachu hufanya ndizi zigome kulainika. Mshare utaupata Dar pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kwa hiyo Jumamosi moja kwa mwezi watoto waupike nyumbani. Wakifika kwa bibi tayari wanajua mtori, bibi atawafundisha vitu ambavyo havijui mtu mwingine.

Kaburi la baba litembelewe tarehe 24 asubuhi, kabla ya pilikapilika. Chukueni jembe dogo, fagio na panga. Palizeni, fagieni, pandeni mimea ya sale pale ilipokufa. Kipande cha shina chenye urefu wa mkono kinashika chenyewe kikizikwa theluthi, hasa baada ya mvua. Waambie watoto sale hutumika kwa mambo gani: mpaka wa kihamba, kaburi, na kuomba msamaha. Aliyeletewa sale hapaswi kukataa kusikiliza. Kama kuna ndugu hamsemeshani tangu mwaka jana, huo ndio wakati, kabla mbuzi hajachinjwa, kwa maana nyama ya mgao haiendi vizuri kwa mtu mliyemnunia. Wapo wazee wanaomwaga mbege kidogo kaburini na wapo waliobakiza sala tu. Mama yako aamue, lakini watoto waelezwe vyote viwili bila kufichwa. Pale kaburini kila mtoto aambiwe jambo moja la babu yake, dogo na la kweli: alichokuwa anapanda, alichokuwa hapendi kula, mfongo gani, yaani mfereji wa maji, alikuwa na zamu ya kuusafisha.

Kichagga usikifanye somo. Watoto wataanza na majina ya vitu walivyovishika: nyalu, mso, kisusio, kihamba, mfongo. Ongeza salamu na “aika mbe” kwa mzee mwanamume, “aika mae” kwa mama. Maneno 20 mwaka wa kwanza yanatosha, mradi yanatumika na hayachekwi. Kinachowafunga vinywa watoto wa mjini ni vicheko vya binamu zao wanapokosea tamko. Ongea na mdogo wako hilo likome.

Na kuhusu mdogo wako. Yeye na mkewe wanapokea watu 40 kwa siku nne kila mwaka. Shemeji yako ndiye anayeamka saa kumi kuwasha moto, na ndiye anayeosha sufuria tarehe 27 mkiwa mmeshafika Chalinze. Mila nyingi hufa kwa uchovu wa mtu kama huyu, kimyakimya. Michango ikusanywe kabla ya tarehe 1 Desemba, iandikwe, mtu mmoja ashike. Lipieni wasaidizi wawili kwa siku sita. Tarehe 26 shemeji asiguse jiko.

Zanzibar usiikatae. Muulize binti kwanza kinachomkera Kilema. Mara nyingi msichana wa miaka 15 anakwepa kulala wanane kwenye chumba kimoja, bafu lisilo na mlango unaofungwa, na wajomba wanaouliza ataolewa lini. Komeo la bafu na kitanda chake mwenyewe ni gharama ndogo. Kisha mpe ahadi yenye tarehe: Zanzibar ni Pasaka au likizo ya Juni, kwa kuwa bahari ipo mwaka mzima na ulezi wa bibi unaloweshwa Desemba tu. Ukiahidi, timiza.

Bado mkeo. Watoto wako ni Wachagga na ni Wabondei, na ukiwapa Kilema peke yake watajua umeficha upande mmoja. Tarehe 26, siku shemeji anayopumzika, jiko liwe la mama yao: wali wa nazi, samaki, mchicha wa nazi, na bibi akae apikiwe na mkwewe. Mkifika Segera shukeni mnunue nazi kumi na machungwa ya Muheza, maana huko juu nazi haioti. Msisahau kubeba na mbuzi wa kukunia. Kilema mkiomba mbuzi mtaletewa wa miguu minne.